Mjumbe Niliyemtaja Bunda

Chama chetu cha mpira cha mkoa siku zile hakikuwa na daftari la majina. Lilikuwepo moja, mchwa wakalila ndani ya kabati la ofisi, na jingine halikupatikana, maana ilikuwa ile miaka ambayo hata mtoto wa shule alijaza daftari lake mpaka pembeni, akaligeuza akaandika tena katikati ya mistari. Kwa hiyo wakawa wananiita mimi.

Mimi nilisoma darasa la pili tu, kule Bugwema, nikatolewa shule nilee wadogo zangu. Kuandika nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye masomo ya watu wazima, mtoto mgongoni. Lakini majina Mungu alinipa. Mtu akinitajia jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na mahali walipotoka, basi, limekaa. Mpaka leo macho yamechoka na magoti yamechoka, majina hayajachoka. Humu siandiki hata moja, na mwenye kusoma ataona mwenyewe kwa nini.

Nilikuwa napika pembeni ya uwanja pale Musoma mjini. Ugali wa muhogo na mtama, na sato wakipatikana. Wasipopatikana, furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Nyumba yangu ilikuwa Kitaji, na jezi za timu zilikuwa zinaletwa kwangu kufuliwa kwa sababu marehemu mume wangu alikuwaga golikipa, na alipokufa watu waliendelea kuzileta kama vile hakufa. Sabuni hakuna. Nilifulia majani ya mpapai, jezi nyeupe zikatoka na rangi ya kijani kidogo, wachezaji wakawa wanataniwa uwanjani, "Nyie mboga, rudini jikoni!"

Sasa kila timu ilikuwaga na mamluki, yaani mchezaji wa kuazima kutoka mbali, anapewa jina la mtu wa hapa ili acheze. Ukitokea ubishi, kamati inasimamisha mchezo, inasema, "Mwiteni mama." Nafika na mwiko mkononi. Namtazama yule mtu. Siku moja waliniletea jamaa mrefu, kifua mbele, anajiita mtoto wa hapa hapa mjini. Nikamwambia, "Wewe baba, mama yako wa Tarime yule mguu umepona? Na yule ng'ombe wenu wa pembe moja, bado anapiga watu?" Uwanja mzima ulicheka. Jamaa alivua jezi mwenyewe, akaniambia, "Mama, mguu umepona, anakusalimia," akaenda kukaa na watazamaji.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekata rufaa juu ya neno langu. Nami nililipenda hilo jambo kuliko ninavyotaka kukubali.

Katika kamati kulikuwa na fundi mmoja wa viatu, Mwislamu, jirani yangu Kitaji. Babu yake alikuwa Mmanyema, bibi yake Mjita, yeye mwenyewe alisema kabila lake ni sindano. Ile miaka ya shida mipira haikuwepo madukani kabisa, na kama mkoa wetu uliendelea kucheza ni kwa sababu yake. Alikata ngozi ya ng'ombe, akashona vipande, ndani akatia mpira wa baiskeli uliozibwa viraka. Mpira ukipasuka anashona tena. "Dada," alikuwa ananiambia, "huu sasa umekula ng'ombe watatu. Siku ukipigwa ukalia, usikimbie." Timu ya Kikristo, timu ya Kiislamu, timu ya magereza, wote aliwashonea, na aliyekosa cha kutoa alishonewa vilevile.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakaanza kujaa, mitumba ikamwagika sokoni, na watu wenye malori wakawa ndio watu. Na ikaja habari kutoka Dar es Salaam kwamba lile shirikisho la mpira la dunia nzima, lenye makao yake huko Ulaya, lingeleta mipira ya kweli na jezi kwa mikoa. Ila mkoa uwe na uongozi uliochaguliwa kwa haki, mbele ya msimamizi. Uchaguzi ukapangwa ufanyike Bunda. Kila klabu mjumbe mmoja, kila mjumbe mkono mmoja.

Wagombea uenyekiti walikuwa wawili. Fundi wa viatu, ambaye watu walimsukuma agombee. Na bwana mmoja wa Bunda mwenye lori, na duka la mitumba pale Kabasa.

Huyu bwana alikuja kwangu asubuhi moja, wiki ya uchaguzi. Nilikuwa nakoroga uji. Akasimama nje ya jiko, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

Rika letu lilikuwa moja, hakuwa na sababu ya kuniamkia. "Marahaba baba," nikasema, na nikasikia utamu wake.

Aliweka chini mche mzima wa sabuni. "Si yako hiyo, usinikatalie. Ya jezi. Nimeona aibu wanangu kuitwa mboga."

Nikacheka. Akakaa kwenye kigoda changu kile cha kumenyea mihogo, suruali yake safi haikumshughulisha.

"Mama, nikuulize. Vikao vyote hivi unaitwa kutoa ushahidi. Umewahi kukaa?"

"Kukaa wapi?"

"Kwenye kiti. Mezani, na wenzako."

"Baba, mimi mpishi. Nasimama mlangoni, nasema, narudi kwenye sufuria."

"Mpishi anayejua mambo kuliko katibu! Na hawa jamaa miaka yote hawakuona? Hata jirani yako fundi hakuona? Mimi nikipata, kamati itakuwa na mjumbe mwanamke. Simtaki mwingine."

Nataka nieleze sawasawa, maana watu wakisikia habari hii watadhani nilinunuliwa kwa mche wa sabuni. Sabuni ilifua jezi kweli, sikuoga nayo. Kilichoniingia ni kile kiti. Ilikuwa kweli fundi hakuwahi kuniambia kaa. Alikula kwangu kila siku, aliniita dada, angenipa shati lake. Kiti hakuwahi kukifikiria. Na mimi mpaka asubuhi ile sikujua kwamba nilikuwa nakitaka.

Ndipo akaleta lake. "Kuna klabu mpya ya Butiama imepanda daraja mwaka huu. Mjumbe wao unamfahamu?"

Nilimfahamu sana. Mama yake ni wa kwetu Bugwema, tulichota maji kisima kimoja kabla hajaolewa Butiama.

"Basi mwenzetu kalazwa hapa hospitali, tumbo. Lori langu ndilo lililompa lifti kuja huku, na barua yake ya utambulisho akamwachia dereva wangu aifikishe Bunda, pamoja na neno la kuomba udhuru. Mjumbe huyo mtu mwaminifu sana." Alisema hivyo bila mzaha. "Barua ina muhuri. Kwa nini kura ya klabu ipotee? Atasimama mtu wangu wa dukani kwa jina lake. Wewe ukiulizwa, unamfahamu. Basi."

"Huyo mgonjwa angempa kura nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Fundi," akasema.

Sikusema ndiyo. Nilisema, "Kunywa uji, baba." Akanywa, akashukuru, akaondoka na mwendo wa mtu aliyekwisha kujibiwa.

Siku ya uchaguzi tulipanda lori lake, wajumbe wa Musoma juu, mimi na sufuria zangu mbele kwa dereva. Fundi alikataa kupanda gari la mgombea mwenzake. Alikuwa ameondoka jana yake kwa baiskeli.

Tuliingia ukumbi wa ushirika pale Bunda. Mimi nilikuwa uani na kuni zangu, lakini dirisha lilikuwa wazi, nilisikia kila kitu. Msimamizi kutoka Dar, amevaa suti ya Kaunda, alianza kwa kuwafundisha. Alisema kule juu kabisa, kwenye mkutano wa mpira wa dunia, nchi kubwa kama bara na nchi ndogo kama Ukerewe zote zina kura moja moja. Mwenye fedha na asiye nazo, moja. Akasema, "Nyie mnachagua mwenyekiti wa mkoa. Mwenyekiti wa mkoa anakwenda kuchagua viongozi wa taifa. Na kiongozi wa taifa ndiye anayekwenda Ulaya kumchagua rais wa mpira wa dunia. Kwa hiyo mkono utakaoinuliwa hapa Bunda unapanda mpaka kule. Uwe mkono wa mtu halali."

Wakaanza kuitwa wajumbe. Ilipofika Butiama, akasimama yule mtu wa dukani na barua yake. Mjumbe wa Tarime akaruka.

"Aa! Huyu mimi nimemwona Kabasa anauza mitumba. Lini amekuwa mtu wa Butiama?"

"Kwani mtu wa Butiama anakatazwa kuuza nguo Kabasa?" yule mtu akajibu. Ukumbi ukacheka.

"Hata hili shati nililovaa umeniuzia wewe mwenyewe!"

"Na hujamaliza kulipa!"

Msimamizi akagonga meza, akauliza kama kuna kitambulisho, picha, chochote. Hakuna. Akauliza rejesta. Katibu akainama. Kisha akasema lile neno ambalo kumbe ndilo nililokuwa nalisubiri pale kwenye moshi. "Yupo mama."

Nikaitwa. Niliingia mikono ina unga, nikasimama mlangoni, pale pale pa siku zote. Kabla sijaulizwa, fundi akasimama.

"Mheshimiwa msimamizi, mimi ni mgombea. Nasema mbele ya watu wote, mama akisema ndiye, ndiye. Akisema siye, siye. Sitakata rufaa."

"Na mimi hivyo hivyo," akasema bwana wa lori, akanitazama kwa heshima kabisa.

Yule mtu wa dukani alikuwa amesimama katikati. Jina lake nililijua, na la baba yake, na kijiji chao, si Butiama wala karibu ya Butiama. Nikasema, "Ndiye. Namfahamu." Halafu nikamtaja kwa jina la yule mgonjwa, nikataja baba, nikataja babu, nikaongeza na mama yake wa Bugwema na kile kisima tulichochota maji. Hakuna aliyeniomba kisima. Nilikiweka mwenyewe ili wasiwe na shaka.

Mikono ikainuliwa. Bwana wa lori alimshinda fundi kwa mkono mmoja.

Niligawa chakula. Fundi alikuja na sahani yake kwenye foleni kama wengine. Nilimpa kipande kikubwa cha samaki. Akakitazama.

"Dada, yule wa Butiama aliniletea mpira nimshonee, mwaka juzi. Ana kovu la jembe hapa kwenye nyusi."

Mwiko ukasimama hewani. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema ukisema wewe, basi. Nilisema mbele ya watu." Akanirudishia kile kipande, akachukua kidogo. "Huyo wape wenye safari ya lori."

Jioni tulimpita barabarani, amesimama juu ya pedali za baiskeli anapanda mlima. Dereva alipiga honi. Fundi alishuka kando, akapunga mkono, vumbi letu likamfunika. Mimi nilikuwa mbele, kwenye kiti laini. Kuna wakati nilimkasirikia. Nilijiambia kama aliona, angepiga kelele, angeniokoa. Nimelizungusha hilo miaka mingi kichwani na kila nikilizungusha linarudi kwangu.

Kiti nilikipata. Cha mbao, kina mgongo. Kwenye kikao cha kwanza niliitwa Mheshimiwa Mjumbe, nikaandika jina langu kwenye karatasi ya mahudhurio polepole, wote wakanisubiri.

Mipira ya shirikisho la dunia nayo ilikuja, ndani ya maboksi yenye maandishi ya kizungu. Niliushika mmoja. Laini kama shavu la mtoto. Kikao kilisomewa kwamba mipira imekwisha gawanywa kwa klabu zote, wanaokubali wainue mikono, na mimi nikainua. Mwezi haukuisha nikaenda Kabasa kununua nguo za wajukuu, nikaikuta ile mipira inaning'inia ndani ya nyavu mlangoni pa lile duka. Yule niliyempa jina la mwenzake alinikaribisha vizuri. "Mama, ingia, wewe nitakupunguzia." Nilipofika Kitaji nilimkuta fundi barazani kwake, sindano mkononi, anashona ule wa ng'ombe watatu.

Hajawahi kunisema. Aliendelea kula kwangu, aliendelea kuniita dada. Heri angenitukana.

Aliyekuja kunisema ni mwenyewe mwenye jina. Alitoka Butiama kwa baiskeli, bado amekonda na ugonjwa, kovu lake juu ya jicho. Nilimwona mbali, nikataka kuingia ndani. Akanisalimu kwa adabu, shikamoo mama mdogo, maana mimi na mama yake tulikuwa kama ndugu. Akakaa.

"Mama mdogo, nimesikia nilipiga kura Bunda. Mimi nilikuwa nimelala hospitali na mpira wa dripu mkononi. Nimekuja unieleze nilikuwa nimevaa nini."

Nikaokota ufagio, nikafagia palipokwisha kufagiwa.

"Nieleze tu. Nilikuwa na viatu? Maana nyumbani viatu sina."

"Mwanangu..."

"Klabu yangu imenifukuza ukatibu. Wanasema niliiuza ile barua. Wanasema nilijilaza hospitali makusudi. Mke wangu akienda kisimani wanamwuliza lori tutanunua lini. Wewe unajua niliipelekaje ile barua?"

Nilijua. Bwana wa lori aliniambia kwa mdomo wake, jikoni kwangu. Nikamwambia najua.

"Basi wewe peke yako ndiye unayejua. Dereva anakana. Bosi wake siwezi kumwuliza. Watu wanakuamini wewe. Mkutano mkuu utakuwa hapa hapa Musoma. Simama, sema. Mengine yote sitaki, waendelee kukaa na uenyekiti wao. Sema tu sikuuza barua."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono, nikamwahidi kwa jina la mama yake.

Siku ya mkutano nilivaa kitenge kipya. Niliomba tangu alfajiri. Nilikuwa mezani, mjumbe wa tatu kutoka kwa mwenyekiti, na yeye, yule mwenye jina, hakuwa mjumbe tena, kwa hiyo alisimama nje dirishani, ameshika baiskeli yake. Niliona kichwa chake. Ilipofika mengineyo nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti akasema kwa furaha, "Mheshimiwa mama yetu! Huyu asiposema, kikao hakijakamilika. Karibu mama."

Nikasimama. Nyuso zote zilinigeukia, nami nilizijua zote, kila mmoja na ukoo wake, na nikaona kwamba nikishafungua mdomo, hakuna hata mmoja kati yao atakayeniuliza tena jambo lolote. Fundi alikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono magotini. Alikuwa amejiinamia. Nadhani alikuwa ananisitiri.

Nikasema, "Nilitaka kuwatangazia wajumbe kwamba chakula kiko tayari."

Wakapiga makofi. Nikakaa. Nilipotazama dirishani, palikuwa na ukuta wa jirani tu.

Kwenye ile kamati nilikaa miaka mingine, mpaka vikaja vitambulisho vya picha na mihuri, na hapakuwa na haja ya kuniita. Bwana wa lori alipanda, akawa anakwenda mikutano ya taifa kupiga kura kwa ajili yetu, akirudi na mkoba mpya na habari za hoteli. Fundi alikufa kwa kifua. Nilikaa na wanawake msibani, nikapika pilau la watu wengi, na wanawe walinishukuru sana, wakasema baba yao alisema siku zote dada wa jirani ni mtu wa kutegemewa. Sijui alilisema kweli au walinipa tu la kunifariji. Sikuweza kula.

Nilizeeka hivyo. Nikawa bibi wa kuulizwa majina kwenye harusi, nani ni nani, asije mtu akaoa ndugu yake. Nikiulizwa nilikuwa nasema, "Waulizeni wengine." Wakadhani kumbukumbu inaondoka.

Kisha jioni moja wajukuu walikuwa wanatazama taarifa ya habari kwenye televisheni. Wakaonyeshwa wazee wa kizungu na wa rangi zote, wamevaa suti, wa lile lile shirikisho la mpira la dunia, wanatuhumiwa kwamba kura zao zilikuwa zinanunuliwa. Mjukuu wangu wa kike, ana maneno huyo, akasema, "Bibi, ona wazee wazima! Umri kama wako! Hawana hata aibu?"

Mwenzake akasema, "Wizi wao huko huko Ulaya. Sisi huku mpira wetu unauawa na wao."

Nilikumbuka yule msimamizi na suti yake ya Kaunda, mkono unaoinuliwa Bunda unapanda mpaka kule. Sisemi mimi ndiye niliyewaharibu wale wazee, hawanijui. Lakini nilikaa pale kwenye kochi nikisikia watoto wanawacheka, na sikuwa na upande wa kukaa. Aibu yao niliijua ilivyo kwa ndani, hata kiatu kinavyobana. Nikawaambia wanizimie hiyo televisheni.

Asubuhi nikamwambia yule wa maneno anisindikize Butiama. "Kufanya nini, bibi?" Nikamwambia kuna mtu nimemchelewesha.

Tulimkuta nyumbani kwake, mzee sasa, kipara, kovu limezama kwenye makunyanzi. Alikuwa anachambua maharage na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Mkewe alishafariki. Alinitambua kabla sijafika. Hakusimama. Hakunipa kiti pia, binti ndiye aliyekileta, na mimi nikakataa, nikasimama pale kwenye uwanja na fimbo yangu.

Nikasema yote. Asubuhi ya uji, sabuni, kiti, dereva alivyopewa barua aifikishe Bunda, mtu wa dukani, kisima. Nilisema kwa sauti, majirani wawili wakasogea kwenye ua, nikaendelea. Nilitaja majina yote, la bwana wa lori, la dereva, la mtu wa dukani na baba yake. Mwisho nikasema, "Huyu hakuuza barua. Hakuuza. Mimi ndiye niliyeuza jina lake."

Mjukuu wangu alikuwa ananitazama mdomo wazi. Binti alikuwa analia, si kwa kunihurumia. Akasema, "Bibi, unajua sisi tuliitwaje shuleni? Watoto wa Barua. Mpaka wadogo zangu. Mama amekufa anaitwa Mama Barua."

Sikujua hilo. Katika majina yote niliyonayo, hilo sikuwa nalo.

"Nisamehe," nikasema.

Mzee akaendelea na maharage kidogo. Kisha akasema, "Maneno niliyasikia siku moja kutoka kwako, dirishani. Yaliishia kwenye chakula. Leo sitaki maneno." Akamwambia binti yake alete daftari.

Binti akaandika. Alinifanya nirudie kila kitu polepole, jina kwa jina, na majirani wakiwa wanasikiliza, na mahali nilipojaribu kusema "tulikosea" alisimamisha kalamu, akasema, "Nani alikosea?" nikasema, "Mimi." Akajaza kurasa mbili. Akanisomea. Nikapewa kalamu, mjukuu akanishika bega, nikaandika jina langu lote chini, lile la ubatizo, la baba na la ukoo. Herufi zilipanda na kushuka.

Mzee alivaa miwani, akachukua daftari, akasoma kwa muda mrefu, midomo inacheza. Nikangoja aseme amenisamehe. Hakusema. Akanirudishia daftari na kalamu.

"Weka na tarehe," akasema. "Watu waone ulichukua muda gani."

Nikaiweka.